MZEE WA PAXTU NA GEMU ZAKE

Nianze kwa kukiri. Makala haya yamezaliwa na kosa. Muhula wa kwanza, mimi na wenzangu wawili wa kidato cha tatu tulinaswa katika chumba cha kompyuta wakati wa prepu. Madaftari ya Kemia yalikuwa wazi mbele yetu kama chambo, lakini macho yetu yalikuwa ndani ya skrini, pangoni, ambako mpiganaji wetu, mganga wetu na mwizi wetu walikuwa wakipambana na joka. Mwalimu wa zamu alisimama nyuma yetu, sijui kwa muda gani. Alichotuambia tu ni kwamba joka limeshinda.

Kufyeka nyasi nyuma ya bwalo kwa wiki mbili hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ufunguo wa chumba ulichukuliwa na naibu wa mwalimu mkuu, na chama kizima cha kompyuta, watu arubaini wasio na hatia, kikafungiwa nje. Samaki mmoja akioza wote huoza, na siku hizo harufu ilikuwa yangu. Nilipita koridoni nikitazama viatu vyangu.

Mlezi wa Chama cha Kiswahili hakunicheka. Aliniuliza utamu wa gemu hiyo uko wapi hata nikauza prepu yangu. Nikamweleza mpaka kengele ikalia. Basi akaniambia nimwandikie kwa ajili ya gazeti letu, ila ukurasa uliobaki ulikuwa ule wa maisha ya watu mashuhuri, na sharti lake kila msomaji analijua: mtu awe amekufa zamani, na asimuliwe kwa maneno yako mwenyewe bila kunakili ya wengine. Nilitoka ofisini kama kuku aliyenyeshewa. Shujaa wa gemu za kompyuta aliyekufa zamani ningempata wapi? Gemu zenyewe hazijazeeka.

Jibu lilikuwa hapa hapa Nyeri, chini ya jiwe. Lakini kwanza niwaeleze wale ambao hawajui tunacheza nini, maana najua walimu wengi wanadhani ni kubonyeza bonyeza tu na kuua watu.

Gemu ninazozipenda ni zile za kuvaa uhusika. Hukimbizi mpira, wala huendeshi gari. Unapewa mtu wa kuwa: jina, kazi, nguvu zake na udhaifu wake. Unaunganishwa na wenzako mnakuwa kikosi kidogo, kila mmoja na ujuzi ambao wengine hawana. Mnapewa kazi ya kwenda kufanya mahali msipopajua. Mkifaulu mnapata alama, alama zikijaa mnapanda ngazi, na ngazi mpya inakufungulia mambo uliyokuwa huwezi jana. Chimbuko lake ni michezo ya vita ya mezani waliyoitumia maofisa wa jeshi la Prussia katika karne ya 19 kujifunza kupanga mapigano. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, ya karatasi, penseli na dadu. Kutoka hapo ikaingia kompyutani. Kuna Ultima IV ya mwaka 1985, ya Richard Garriott, ambayo sijaicheza bali nimesoma habari zake: haina adui mkuu wa kuuawa mwishoni, mchezaji anatafuta maadili manane, kama vile huruma, ukweli na ushujaa, na gemu inampima kwa matendo yake. Hata Afrika tumo. Vijana wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu yao iitwayo Aurion mwaka 2016, ya mfalme wa Kiafrika aliyepinduliwa.

Sasa turudi kwa mwenye jiwe. Jumamosi moja nilitumwa mjini, nikapita makaburini kwa St. Peter's. Kaburi lile nalijua tangu shule ya msingi. Kila mwaka tarehe 22 Februari maskauti huja wengi na skafu zao. Mimi si skauti na sikuwahi kulijali. Siku hiyo nililitazama. Juu ya jiwe, pamoja na jina na tarehe, kuna duara lenye nukta katikati. Skauti mmoja darasani kwetu alinieleza baadaye kwamba hiyo ni alama ya njiani: anayetangulia porini huiacha mwisho wa safari, kuwaarifu wanaomfuata kwamba yeye kazi ameimaliza na amekwenda nyumbani. Nikashtuka. Mtu huyu alikuwa amezikwa na alama ya gemu yake!

Jina lake kamili ni Robert Stephenson Smyth Baden-Powell. Nitamwita B-P kama wanavyomwita maskauti, nibanie wino.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jometri huko Oxford, akafariki mwaka 1860 mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama, Henrietta Grace, alibaki na kundi la watoto na akawalea kwa mkono mmoja. B-P alipelekwa shule ya Charterhouse, na huko, jamani, nilimpenda. Shule ilipohamishiwa Godalming mwaka 1872, ilipakana na kijisitu ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye aliingia. Alijifunza kunyata bila kuvunja kijiti, kutega sungura, kumpika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Darasani hakuwa nyota. Jukwaani alikuwa nyota: aliigiza, akaimba, akachora kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Oxford haikumchukua. Akafanya mtihani wa kuingia jeshini akashika nafasi za mbele kabisa, na mwaka 1876 akapelekwa India kama ofisa wa kikosi cha wapanda farasi, akiwa na umri wa miaka 19.

Miaka ishirini iliyofuata nitaipita mbio, kwa sababu ni orodha ya vituo: India, Afrika Kusini, Malta, pwani ya Waashanti. Lakini kisa kimoja cha wakati alipokuwa ofisa wa ujasusi wa eneo la Mediterania siwezi kukiruka. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1915 alisimulia jinsi alivyojifanya mkusanyaji wa vipepeo, na wavu wake na kofia yake, akizunguka karibu na ngome za watu. Ukimsimamisha angekuonyesha daftari lake la michoro. Ni vipepeo tu. Kumbe mistari ya mabawa ndiyo ramani ya ngome, na madoa ndiyo mizinga. Huko ndiko kuvaa uhusika! Kwake, kazi na mchezo vilikuwa kitu kimoja, na jambo hilo lina uzuri wake na ubaya wake. Uzuri nitausema kwanza.

Mwaka 1899 alikuwa kanali, naye akazingirwa na Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini. Mzingiro ulianza tarehe 13 Oktoba 1899 ukaisha tarehe 17 Mei 1900, siku 217. Waliomzunguka walikuwa wengi kuliko askari wake, na walikuwa na mzinga mkubwa ajabu. Yeye hakuwa na nguvu, basi akacheza na akili ya adui. Alitengeneza masanduku, akayafanya yaonekane ni mabomu ya kutegwa ardhini, yakabebwa kwa hadhari kubwa na kufukiwa pande zote za mji, na watu wakaonywa wasikanyage. Ndani mlikuwa mchanga. Hakuwa na seng'enge za kutosha, na akajua kwamba kwa mbali seng'enge haionekani, nguzo ndizo zinazoonekana. Akasimika nguzo tupu na kuwaamrisha askari wake, kila wakipita hapo, wainue miguu juu kana kwamba wanaruka waya. Makaburu wakaitazama miguu ile wakaamini. Alikuwa na taa moja kali iliyofungwa katika bati la biskuti. Akaiwasha kona hii ya mji, kisha ikakimbizwa kona nyingine, mpaka ng'ambo wakadhani kila ngome ina taa yake.

Mtu aliyewahi kubuni gemu, hata ya kwenye daftari, atanielewa nikisema hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Kanuni kubwa ya ubunifu wa gemu ni hii: mchezaji hapigani na kilichopo, anapigana na anachodhani kipo. Giza la ramani, mlango ambao hujaufungua, sauti nyuma ya ukuta. B-P aliijua miaka 75 kabla ya Dungeons & Dragons.

Na watoto je? Katika mji uliozingirwa wavulana wangekuwa mzigo. Msaidizi wake, Lord Edward Cecil, aliwakusanya wakawa kikosi, wakapewa sare na kazi za kweli: kupeleka barua, kulinda zamu, kusaidia hospitalini. Kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa na miaka 13. Walianza kwa kupanda punda, na chakula kilipoadimika punda wakaliwa, wakahamia baiskeli. Mji ulipochapisha stempu zake wenyewe, sura ya Goodyear juu ya baiskeli ikawekwa kwenye moja. B-P aliona kwamba mtoto ukimpa nafasi yake katika kikosi na jukumu ambalo wengine wanalitegemea, anakuwa mtu mwingine. Wazo hilo hakulisahau.

Alirudi Uingereza shujaa wa magazeti, jenerali akiwa na miaka 43. Akagundua kwamba kijitabu chake cha upelelezi alichowaandikia askari kinasomwa na wavulana, na walimu wanakitumia. Basi akaanza kufikiri juu ya kitabu chao hasa. Kabla ya kuandika, alifanya jambo ambalo kila mbunifu mzuri wa gemu hulifanya na wabunifu wavivu hulikwepa: alilijaribu. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1907 alipiga kambi kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza, na wavulana wapatao 20. Nusu walitoka katika shule za watoto wa mabwana, nusu ni watoto wa wafanyakazi wa mjini. Ada yenyewe aliipima: matajiri walilipa pauni moja, wenzao shilingi tatu na nusu. Akawachanganya katika vikosi vinne, Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na ndege waitwao Sululu, kila kikosi na utepe wa rangi yake begani na kiongozi wake kijana. Usiku kikosi kimoja kilikwenda kulala peke yake porini na kulinda zamu.

Mwaka uliofuata, 1908, kitabu chake Scouting for Boys kilianza kutoka sehemu kwa sehemu, kila majuma mawili, sehemu sita. Nilipopata nafasi ya kukipitia nilikuwa natafuta mahubiri, nikakuta sheria za gemu. Kuna ngazi: mgeni, daraja la pili, daraja la kwanza. Baadaye zikaja beji za ujuzi za kushonwa mkononi, na huwezi kununua beji, lazima ufanye kitu mbele ya shahidi. Kuna mchezo wa buibui na nzi, ambapo kikosi kimoja kinatangulia kujificha porini na robo saa baadaye kingine kinatawanyika kukitafuta. Kuna mchezo wa Kim, aliouchukua kutoka riwaya ya Rudyard Kipling ya mwaka 1901 kuhusu kijana wa India anayefunzwa ujasusi: unaweka vitu vidogo 20 au 30 mezani, wenzako wanavitazama dakika moja, unavifunika na kitambaa, kila mtu anaandika anavyovikumbuka. Tulijaribu bwenini na vifuniko vya soda, kalamu, kiberiti, tembe za malaria na takataka nyingine. Nilipata 14. Mvulana wa kidato cha kwanza alipata 22, na ni huyo huyo ambaye hutumwa dukani kila siku akasahau chumvi.

Nisimpambe kupita kiasi. Mengi hayakuwa yake. Ernest Thompson Seton, mwandishi wa habari za wanyama aliyekuwa Marekani, alikuwa tayari ana chama cha vijana cha maisha ya porini chenye michezo na alama zake, na alimpelekea B-P kitabu chake mwaka 1906. Kitabu cha B-P kilipotoka, Seton alilalamika maisha yake yote kwamba ameibiwa, na akisoma mtu bila upendeleo ataona kwamba alikuwa na haki ya kulalamika. Mabishano ya nani alibuni nini katika gemu hayakuanza na kompyuta.

Alistaafu jeshi mwaka 1910, na mwaka huo huo uskauti ukafika Kenya. Wasichana walikuwa wamekwisha kujitokeza wenyewe wakitaka kucheza, na pamoja na dada yake Agnes akawaanzishia chama chao. Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames wa miaka 23. Walizaliwa tarehe moja, 22 Februari. Mwaka 1920 maskauti wa nchi nyingi walikutana London wakamtangaza kuwa mkuu wa maskauti wa dunia.

Nyeri iliingiaje? Kupitia mtu aitwaye Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa katibu wake siku za mwanzo za uskauti. Walker alikuja huku akafungua hoteli ya Outspan mwaka 1928, na mwaka 1932 ile Treetops ya juu ya mti kule Aberdare. B-P alimtembelea mwaka 1935 akaupenda mji wetu kwa moyo wote. Mwaka 1938, daktari akiwa amemwambia moyo wake umechoka, alihamia na mkewe katika nyumba ndogo iliyojengwa katika bustani ya Outspan. Kule Uingereza nyumba yao iliitwa Pax Hill, basi hii wakaiita Paxtu, mchezo wa maneno tu, kwa maana ya Pax ya pili. Barazani alikaa akitazama Mlima Kenya unapojifunua asubuhi kabla ya mawingu, akachora ndege na wanyama, akajibu barua. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, miaka 83, akazikwa akielekezwa Mlimani. Olave alifariki mwaka 1977 na majivu yake yakaletwa kwake. Mwindaji Jim Corbett, yule wa simba marara wa India, naye alikuja kuishi Paxtu baadaye, akafa mwaka 1955 akazikwa makaburi hayo hayo. Ama kweli Nyeri ni kituo cha wazee.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia makala. Nilimsomea mwenzangu wa dawati, ambaye anasoma historia kama wengine wanavyokula chapati. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kuhusu Uwini. Sikumjua. Tukarudi maktaba.

Mwaka 1896 Wandebele na Washona waliinuka dhidi ya Waingereza katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na B-P alikuwa huko, akizunguka milima ya Matobo usiku na kujifunza upelelezi kwa Mmarekani Frederick Russell Burnham. Alipenda kusimulia kwamba adui walimwita Impeesa, mbwamwitu asiyelala. Sisi wa Chama cha Kiswahili tusidanganywe: impisi ni fisi, sikia tu neno lenyewe lilivyo ndugu na letu. Mwaka huo chifu aitwaye Uwini alikamatwa akiwa amejeruhiwa. B-P hakumpeleka kwa wakuu wa serikali ya kiraia. Alimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, akahukumiwa, akapigwa risasi. Wakuu wa Cape walikasirika, uchunguzi ukafanywa, na B-P akaondolewa lawama na wenzake.

Kisha Mafeking. Mwenzangu aliniuliza, katika siku 217 hizo, Waafrika walikuwa wapi? Maelfu yao walikuwa ndani ya mzingiro ule ule. Wabarolong walipigana kuulinda mji. Mmoja wa waliokuwamo, Solomon Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliandika shajara iliyochapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya kifo chake. Chakula kilipopungua, Waafrika, hasa wageni waliokimbilia mjini, ndio waliofikwa na njaa kwanza. Wakanywa supu ya farasi, wengine wakahimizwa watoke wapite katikati ya Makaburu, na baadhi wakauawa njiani. Wanahistoria wamebishana: Thomas Pakenham mwaka 1979 alimlaumu B-P kwa ukali, Tim Jeal mwaka 1989 akamtetea kwa mengi. Mimi nimesoma pande zote mbili kadiri nilivyoweza, na hata utetezi wenyewe haujanishibisha. Mgao haukuwa sawa, na aliyegawa ni yeye.

Ndipo nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nimeyapita. Pembe ya kudu aliyoipuliza Brownsea kuamsha wavulana aliitoa katika vita vya Wandebele. Shanga za mbao wanazopewa viongozi wa skauti tangu mwaka 1919 zilianzia kwenye mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Katika gemu zetu tunaviita nyara: ukimshinda mtu unachukua upanga wake, unasonga mbele, hata jina lake hulikumbuki. Sheria ya skauti inasema skauti ni ndugu wa kila skauti, wa tabaka lolote, lakini katika Kenya ya wakoloni vikosi vya Wazungu, Wahindi na Waafrika vilitengwa. Na wakati mzee akichora ndege barazani, milima hii ilikuwa ya Wazungu na wenyewe wakitembea na kipande. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu hapa hapa, alikuwa kijana wa miaka kama 18 Paxtu ilipojengwa. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Siku nne baadaye B-P alitimiza miaka 100 tangu azaliwe, na maskauti dunia nzima wakasherehekea. Tarehe hizo mbili sikuwahi kuzisikia zikitajwa pamoja.

Tulibishana juma zima, mimi na mwenzangu. Yeye alitaka nimfute B-P niandike juu ya Kimathi. Mimi nilimwambia Kimathi ana waandishi, na kwamba kumfuta mtu hakumfanyi asiwepo. Kaburi liko pale, na wageni wanakuja. Alinijibu kwamba basi nisimwandike kama joka wala kama malaika. Hilo ndilo lililotutoa kwenye ubishi tukaingia kwenye kazi, maana chumba cha kompyuta kimefungwa lakini daftari halijafungwa.

Tumebuni gemu. Ni ya karatasi, dadu moja, kurasa 31, inaitwa Siku 217. Mchezaji wa kwanza ni mkuu wa mji. Ana masanduku ya mchanga, nguzo zisizo na waya, taa ya bati la biskuti, na anaweza kushinda. Tena ni raha sana kushinda. Kila siku anaandika mgao wa chakula katika safu ya mwisho wa ukurasa, na hapewi alama yoyote kwa kuuandika, wala haambiwi ni wa nini. Akishamaliza, daftari linageuzwa. Mchezaji wa pili anaanza siku ya kwanza upande wa nyuma, yeye ni Mbarolong mwenye mke na watoto watatu, na chakula chake ni kile kile alichokiandika mwenzake. Hana taa. Anaweza kupigana, kubeba barua usiku, kuuza ng'ombe, au kujaribu kutoka. Katika majaribio tisa bwenini, wachezaji wa kwanza wote tisa walishinda. Baada ya hapo wanaomba kurudia, na safari hii wanaandika ile safu polepole.

Skauti wa darasani kwetu alikasirika mwanzoni, kisha akatusaidia kurekebisha sheria za taa, ambazo tulikuwa tumezikosea.

Ijumaa iliyopita tulimpelekea naibu wa mwalimu mkuu daftari lenyewe, pamoja na barua ya kuomba msamaha kwa niaba yetu watatu, tukieleza kwamba wanachama arubaini hawakuhusika na joka. Alilipokea bila kusema neno. Jumatatu aliniita. Nilidhani ni habari ya ufunguo. Alikuwa amefungua ukurasa wa 19 wa upande wa nyuma, kalamu mkononi, na alitaka kujua kama yule Mbarolong akitoka usiku na mtoto mgongoni anatupa dadu mara moja au mara mbili. Nikamwambia mara mbili. Akainamisha kichwa akaendelea kuandika, nami nikatoka polepole nikamfungia mlango.